Eksteno ya Baba Mercy

Jenista aliinunua ile eksteno, diski ya nje ya kuhifadhia kazi za kompyuta, siku ya Jumatatu, kwa mtu anayetembea na begi mgongoni kwenye foleni ya malori ya Tunduma. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, imewekwa kwenye boksi la kung'aa. Yule mtu alisema inabeba terabaiti mbili. Jenista hakujua terabaiti ni kitu gani, ila binti yake Mercy alikuwa amemwandikia kwenye karatasi, terabaiti mbili, isipungue. Akalinganisha maandishi ya karatasi na ya boksi, herufi kwa herufi, akaona ni yale yale. Dukani walikuwa wametaja laki mbili na themanini. Huyu wa begi alitaka elfu sitini, wakaelewana hamsini na tano.

Aliiweka kifuani, ndani ya kanga, akapita katikati ya malori hadi kwenye fremu yao ya duka. Alikuwa anafurahi kidogo. Tangu mume wake apooze, ilikuwa ni mara ya kwanza kununua kitu kisichokuwa dawa.

Fremu ilikuwa ya mume wake, Lwitiko, watu walimzoea kwa jina la Baba Mercy. Miaka kumi na saba alikuwa anapiga picha za video, harusi, kwaya na misiba, kuanzia Tunduma mpaka Hasamba, mpaka kule bondeni kwa wafugaji. Kazi zote alizihifadhi kwenye kompyuta moja kubwa iliyokaa chini ya meza. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na ulimi umefunga. Akitaka kitu alikuwa anaguna. Mguno ulikuwa mmoja tu, wa maji, wa chooni, wa kuchoka, na Jenista alikuwa anabahatisha.

Mwenye fremu aliitaka mwisho wa mwezi. Mpangaji mpya, mama wa vitenge, hakusubiri huo mwisho. Alikuja na futi akapima ukuta juu ya kichwa cha Lwitiko, akiomba samahani kila alipomgusa. Lwitiko alikuwa anainamisha kichwa ili futi ipite.

Mercy alifika mchana kutoka Vwawa alikoolewa. Yeye ndiye aliyeijua kompyuta, kwa sababu alisoma miguuni pa baba yake. Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Kazi zote zihamishwe kwenye eksteno, kompyuta iuzwe, pesa iende kwa yule mtaalamu wa kunyoosha viungo, na eksteno ikae nyumbani kabatini. Baadaye, Mungu akijalia, wangetafuta televisheni ya kuichomeka.

"Mama, wewe hizi harusi za watu utaziangalia?" Mercy aliuliza.

"Harusi za nini," Jenista alisema. "Mimi nataka misiba. Baba yako anaongea kwenye misiba."

Ilikuwa kweli. Kwenye harusi anaongea mshereheshaji, kwenye kwaya wanaimba wenyewe. Ila kwenye msiba hakuna wa kuongea, kwa hiyo Lwitiko alijiwekea utaratibu wake. Kabla hajaonyesha kitu alisema kwa sauti ya chini, karibu na kamera: ndugu zangu, leo ni tarehe fulani, tupo mahali fulani, tumekuja kumsindikiza fulani. Halafu alitaja hali ya hewa, hakuacha hata siku moja. Jua kiasi, upepo kiasi. Watu walimcheka kwa hilo, wakamwita Idara ya Hali ya Hewa. Mwisho kabisa alimalizia, aliyewaonyesha ni mimi, Lwitiko, Mungu awatie nguvu. Jenista alikuwa anamshikia maiki miaka hiyo yote, na maneno hayo aliyasikia mpaka akawa hayasikii. Sasa ndiyo hayo tu aliyokuwa anayataka.

* * *

Mercy alichomeka eksteno, taa yake ndogo ya bluu ikawaka. Kompyuta ikaandika terabaiti mbili. Akampa mama yake aone.

"Nikopi au nikate?" akauliza.

Kukopi ni kitu kubaki huku na kwenda kule. Kukata ni kutoka huku moja kwa moja. Jenista alilijua hilo ingawa hakujua mengine, kwa sababu lilikuwa sheria ya nyumba. Miaka ya nyuma kijana mmoja alinakili nyimbo za msiba kwa flashi kwa siri, akaziuza kwenye mabasi, na mama mmoja wa Hasamba akasikia kilio chake mwenyewe kwenye spika ya basi akienda hospitali. Yule mama alikuja kwenye fremu, hakugombana, alikaa tu akamwangalia Lwitiko. Tangu siku hiyo Lwitiko alisema sauti ya msiba haitakaa mahali pawili. Familia tu ndiyo inapewa diski yao moja, na ile ya asili inabaki hapa, basi. Hata kutoa kwenye kamera alikuwa anakata, hakopi.

"Kata," Jenista alisema. "Unajua baba yako."

"Mama, tungekopi kwanza tukaangalia."

"Na yule wa Vwawa anayeinunua? Ukisahau kitu ndani?"

Yule wa Vwawa alikuwa Sebastian, mwenye duka la kuchapa barua na vyeti. Alishatoa nusu ya pesa, na alipokuja kuitazama kompyuta aliizunguka kama mtu anayenunua mbuzi, akasema mbele ya Lwitiko kwamba anaomba aikute tupu, hataki misiba ya watu kwenye mashine yake. Jenista alicheka kwa adabu. Lwitiko aliangalia mlango.

Kwa hiyo Mercy akakata. Foda ya harusi ilitangulia, ikafuata ya kwaya, misiba ikaja mwisho. Kazi ilikwenda siku mbili, umeme ukikatika wanasubiri, ukirudi wanaendelea. Majina yalikuwa yanapita kwenye kioo moja baada ya jingine, jina la marehemu, kijiji, tarehe, kama Lwitiko alivyoyaandika. Jenista alikuwa anayasoma polepole kwa midomo. Wengi aliwakumbuka. Kuna mmoja alimkumbuka kwa wali wa msibani kwake, akaona aibu.

Jumatano jioni Mercy akachomoa eksteno, akamwekea baba yake kwenye mkono wa kushoto, ule mzima. "Baba, kazi yako yote hiyo hapo. Miaka kumi na saba."

Lwitiko aliipima mkononi, juu, chini. Akaileta sikioni akaitikisa. Akaitikisa tena, kwa nguvu, halafu akaanza kuigonga kwenye mkono wa kiti, anaguna, anagonga, anamwangalia Jenista, anagonga.

"Utaivunja, Baba Mercy," Jenista alisema, na kuinyang'anya taratibu, kidole kwa kidole, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. "Haya, tumesikia. Kiu?"

Akamletea maji. Lwitiko hakunywa, maji yakamwagika kwenye shati. Machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima. Jenista akamfuta maji na machozi kwa kanga ile ile, akamwambia Mercy kwamba baba anailia kazi yake, na hata yeye angelia.

Alhamisi Sebastian alikuja na gari, akabeba kompyuta.

* * *

Wiki tatu zilipita. Eksteno ilikaa kabatini, ndani ya boksi lake, juu ya Biblia. Fremu ilikuwa imeshajaa vitenge.

Jumamosi moja akaja Makoye, mtoto wa mzee Bugalama wa Mbangala, kule bondeni. Ni dereva wa lori, mtu mrefu, aliyeinama mlangoni kama anaomba ruhusa ya nyumba yenyewe. Alikwenda kwanza kwenye fremu, mama wa vitenge akamwelekeza huku nyumbani. Alimsalimia Lwitiko kwa kushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, akakaa, akavua kofia.

Jenista alimjua na alilijua jambo lake. Miaka mitatu nyuma mama yake Makoye, Edina, alifariki. Makoye wakati huo alikuwa utingo, lori lao lipo Kongo, simu hazishiki. Taarifa ilimkuta siku mbili baada ya mazishi. Alipofika Tunduma hakwenda hata nyumbani, alikuja kwenye fremu, akamwomba Lwitiko amwonyeshe. Lwitiko akamwekea. Ilipotokea picha ya kwanza tu, lango la kwao na watu wamesimama, Makoye akasema azime. Lwitiko akazima. Akamwambia, "Haiendi popote. Itakaa hapa. Siku ukiweza, njoo."

Diski ya familia alipewa kaka yake, Makene, ikaazimwa na ndugu wa Geita, haikurudi.

"Sasa naweza, mayu," Makoye alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alimwita hivyo tangu siku ile. "Jumamosi ijayo tunajengea kaburi. Siwezi kusimama pale kuweka saruji na mimi sijamzika. Nimeona niangalie kwanza."

Jenista alifurahi kwa ajili ya Makoye na kwa ajili yake mwenyewe. Televisheni hawakuwa nayo bado, ila kwa Zabron, fundi wa simu na kompyuta, wangeonyeshwa. Alimwomba jirani akae na Lwitiko. Alipolifungua kabati na kuchukua boksi, Lwitiko aliguna mguno mrefu. Jenista akamwambia anarudi sasa hivi.

* * *

Zabron alikuwa na meza moja na stuli mbili chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Aliichomeka, foda zikatokea, zote tatu. Harusi, Kwaya, Misiba. Jenista akamwambia Makoye, unaona? Wakaingia kwenye Misiba. Majina yakajipanga. Wakashuka nayo mpaka wakamkuta: Edina Bugalama, Mbangala, tarehe kumi na nne, mwezi wa saba.

Makoye akajifuta uso kwa kofia. Zabron akabonyeza.

Kioo kikabaki cheusi. Yakatokea maneno madogo ya Kiingereza. Zabron akayafunga, akabonyeza tena, yakarudi. Akajaribu jina la juu yake. Akajaribu la chini. Akashuka chini kabisa, akapanda juu kabisa, akawa habonyezi tena kwa kidole kimoja bali kwa haraka, moja, moja, moja, na kila moja linamjibu maneno yale yale. Akahamia kwenye Kwaya, hivyo hivyo. Kwenye Harusi, za mwanzo zikafunguka. Bibi harusi wa miaka ile akatokea anakata keki, muziki ukalia sokoni, wapita njia wawili wakasimama kutazama.

"Zima hiyo," Jenista alisema.

Zabron akazima. Akaichomoa eksteno, akaipima mkononi. Akaileta sikioni akaitikisa.

Jenista alipoona ile mikono, jinsi ilivyopima, jinsi ilivyopeleka sikioni, alikaa kwenye stuli. Alikuwa ameshaiona. Alikuwa ameiona yote, Jumatano ile, kwa Lwitiko, na alikuwa amemletea maji.

"Mama, hii mlinunua wapi?"

Jenista akanyoosha kidole kuelekea foleni ya malori. Zabron akaomba ruhusa ya kuifungua, akapenyeza bisibisi ubavuni. Ndani kulikuwa na kadi moja ndogo kama ya simu, imeshikiliwa kwa gundi, na nati mbili za chuma za kuipa uzito. Nati moja ilikuwa imebanduka, ndiyo iliyokuwa inalia. Zabron akaeleza kwa upole, akitazama meza, kwamba kadi hiyo inasema uongo kuhusu ukubwa wake. Inapokea majina yote, ila ikishajaa, vitu vyenyewe haivihifadhi. Majina yapo, ndani hakuna kitu.

"Lakini si mlikopi? Kwenye kompyuta bado vipo."

"Tulikata," Jenista alisema.

Zabron akasema hata vilivyokatwa vinaweza kurudishwa kama mashine haijasafishwa, akachukua namba ya Sebastian kwa Jenista, akampigia mbele yao, sauti ikiwa ya wazi. Sebastian alisema alishaisafisha siku ile ile, akaweka Windo mpya, akaijaza kazi za watu. Akasema yeye si alisema mapema aikute tupu? Halafu akasema poleni, akakata simu.

Makoye alikuwa bado ameshika kofia. Hakumlaumu mtu. Aliuliza swali moja tu, kama ile picha ya lango, ile ya kwanza, kama hata hiyo haiwezi kupatikana.

Zabron alitikisa kichwa. Hakutaka malipo. Aliziweka zile nati mbili na kile kikadi kwenye kipande cha gazeti, akakunja, akampa Jenista, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

* * *

Walirudi pamoja. Jenista alikuwa anafikiria namna ya kumwambia mume wake. Alipanga maneno, akayapangua. Mara aseme eksteno imeharibika, mara aseme imebaki kwa fundi. Mlangoni yote yakamtoka. Alifungua kile kipande cha gazeti, akaziweka nati juu ya stuli mbele ya Lwitiko, moja kando ya nyingine.

Lwitiko aliziangalia. Hakushtuka.

"Ulijua," Jenista alisema.

Lwitiko akafumba macho.

"Ulituambia. Kompyuta bado ilikuwepo, ilikuwa imekaa pale pale chini ya meza. Ungeniambia nini zaidi, na mimi nakuletea maji."

Alikaa sakafuni, akaegemea mguu wa mume wake, ule usiohisi. Hakulia kwa sauti. Lwitiko alishusha mkono wa kushoto ukatua kichwani pake kwa uzito, haukupapasa, ulikaa tu. Jirani aliyekuwa amebaki naye alichukua ndoo yake akatoka.

Makoye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mtu mkubwa asiye na pa kujiweka. Mwishowe akasema anaondoka, lori linamsubiri pale Mpemba, nje kidogo ya mji. Akageuka, akafika kwenye wembamba wa uchochoro, akarudi.

"Mayu, wewe ulikuwepo. Siku ile."

"Nilikuwepo. Nilishika maiki."

"Basi nisimulie. Kama mzee alivyokuwa anaanza."

Jenista akasema yeye si mtu wa kuongea. Makoye akasema hata kidogo. Akaweka simu yake kwenye stuli, katikati ya zile nati, akabonyeza ili inase sauti, akakaa chini sakafuni na yeye, mgongo ukutani, magoti juu.

Jenista alikohoa. Aliitazama simu kama mtu anayetazama kisima.

"Ndugu zangu," akasema. Sauti yake ikamshangaza. "Ndugu zangu, leo ni tarehe kumi na nne, mwezi wa saba. Tupo Mbangala, nyumbani kwa mzee Bugalama. Tumekuja kumsindikiza mama yetu Edina. Jua kiasi. Upepo mwingi."

Lwitiko aliinua mkono wa kushoto, kidole kimoja juu, na kukishikilia hapo. Ndivyo alivyokuwa anafanya kuwaambia watu kwamba kamera imeshaanza, wanyamaze.

Jenista akasimulia. Akasema upepo uling'oa turubai, wanaume wanne wakalishika kwa mikono mpaka mwisho wa ibada, na mmoja alikuwa anasinzia amesimama. Akasema sanduku lilifunikwa kitambaa cha bluu. Lwitiko akaguna. Cheupe? Akaguna tena. Cha kijani, Jenista akasema, ndiyo, cha kijani, cha kwaya yake, na Lwitiko akatulia. Akasema dada wa marehemu alianzisha wimbo akausahau katikati, akacheka, na watu wote wakacheka pale kaburini, kwa sababu Edina ndiye aliyekuwa anamkumbushia. Akasema kwenye benchi la watoto wa marehemu waliacha nafasi moja, hata watu walipokosa pa kukaa hakuna aliyeikalia.

Makoye alikuwa ameweka paji la uso juu ya magoti.

"Wakati wa udongo," Jenista alisema, "Makene alitupa wa kwake. Watu wakadhani amemaliza. Akainama tena, akachota mwingine, akasema, huu ni wa Makoye. Akautupa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wewe ni wa kushoto. Baba Mercy aliusogelea ule mkono, akauonyesha wenyewe tu. Nilimwona. Alisema baadaye, hii ni ya yule aliye njiani."

Nje mtu alikuwa anauza maandazi, akapita, sauti ikaishia kule chini. Makoye alilia bila kuinua kichwa, mabega yakipanda na kushuka, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Jenista alisubiri. Alikuwa amezoea kusubiri watu hivyo, maiki mkononi.

Halafu akakumbuka kwamba haijaisha.

"Aliyewaonyesha," akasema, na hapo akakwama. Maneno yanayofuata hayakuwa yake. Akajaribu tena. "Aliyewaonyesha ni..."

Lwitiko akaguna. Mguno mmoja, mfupi, pale pale palipokuwa na jina lake.

"Mungu awatie nguvu," Jenista akamalizia.

Kidole cha Lwitiko kikashuka.

Makoye akajifuta uso, akaichukua simu, akabonyeza kusikiliza mwisho wake kama imeshika. Ilikuwa imeshika yote, hata muuza maandazi. Akasema mayu, kama unataka turudie kale kamwisho, ili ule mguno usiingie, nitakapoipiga kaburini kutakuwa na watu.

"Uache," Jenista alisema. Halafu akamwomba, kama si shida, wakati Mercy atakapokuja na simu yake kubwa, amtumie na yeye.

"Nikopi?" Makoye akauliza.

"Kopi," akasema. "Kopi hata mara kumi."